Aliyeleta Taarifa Ndiye Aliyehamishwa: Kisa cha Doe dhidi ya Wilaya ya Shule ya Taylor

Februari 1987, katika sekondari ya Taylor, mji mdogo ulio kaskazini-mashariki ya Austin, jimbo la Texas, msichana mmoja aliingia ofisini kwa mkuu wa shule akiwa na nakala ya ujumbe wa Valentine. Ujumbe haukuwa wake. Ulikuwa wa rafiki yake, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na aliyeuandika ni mwalimu wao wa baiolojia. Mwajiriwa wa umma, kocha msaidizi wa timu ya shule, alikuwa akimwandikia mtoto ambaye hajatimiza miaka 16 kwamba anampenda, anamhitaji, na asibadilike.

Mkuu wa shule aliuona ujumbe huo. Hakubaki na nakala. Hakumwonya mwalimu, hakuwaarifu wazazi wa mtoto aliyeandikiwa, wala hakumtoa mtoto huyo katika darasa la mwalimu yule. Aliyetolewa darasani ni msichana aliyeleta taarifa. Alipewa mwalimu mwingine, na shule ikaendelea na ratiba yake.

Kisa hiki kilifika mbele ya jopo zima la majaji wa Mahakama ya Rufani ya Shirikisho, Mzunguko wa Tano, inayosikiliza mashauri kutoka Texas, Louisiana na Mississippi. Hukumu ilitoka Machi 1994. Mtoto aliyeandikiwa ujumbe anaitwa humo Jane Doe, jina la bandia ambalo mahakama za Marekani humpa mdai anayelindwa asijulikane. Nami humu nitawataja wahusika kwa vyeo vyao tu. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya jambo moja: viongozi wawili walishtakiwa, mkuu wa shule na bosi wake, wote wawili walikuwa wamefikiwa na taarifa, na mahakama ikamfungulia mlango mmoja na kumfungia mwingine. Ukiuelewa mstari uliopita katikati yao, utajua sheria inamdai nini kiongozi wa shule, na pia inamsamehe nini.

Kila mtu alikuwa anajua kidogo

Tabia za mwalimu huyu hazikuwa siri. Miaka kadhaa kabla ya Doe kufika sekondari, alikuwa na mtindo wa kujichagulia wasichana wa mwaka wa kwanza: akiwaandikia vijibarua, akiwanunulia zawadi, akitembea nao kwenye korido, akiwaruhusu kutoka darasani bila sababu. Wenzake waliona. Mkutubi wa shule aliona zaidi ya wengine, na mwaka 1985 alimfikia mkuu wa shule zaidi ya mara moja kuhusu ukaribu wa mwalimu huyo na msichana mwingine. Hakuzungukazunguka. Tukio moja la maktaba alilieleza kwa maneno yanayomaanisha unyanyasaji wa mtoto.

Doe alipofika mwaka 1986 na kupangiwa darasa la baiolojia la mwalimu huyo, mambo yalikwenda kwa utaratibu ambao kila aliyewahi kushughulikia kesi za namna hii anaujua. Kwanza sifa kwenye karatasi za mazoezi. Kisha alama nzuri ambazo hazikutolewa jasho. Kisha mwalimu akajisogeza kwa familia yenyewe, akawa mtu wa nyumbani. Kisha pombe, na siri ambazo mtoto anabebeshwa kama heshima. Kufikia kati ya Machi na Aprili 1987 alikuwa ameanza kumwingilia kimwili.

Turudi kwenye tarehe. Ujumbe wa Valentine ulifika ofisini Februari. Kilichokuja kuwa jinai kubwa kabisa kilitokea wiki chache baadaye. Mara nyingi mawakili wa shule husema kwamba hata mkuu angechukua hatua, madhara yalikwisha kutokea. Hapa hoja hiyo haina pa kusimama. Kulikuwa na nafasi, na nafasi hiyo ililetwa ofisini na mtoto.

Jinsi mkuu alivyojibu malalamiko mengine inafafanua kwa nini Februari alijibu vile. Wazazi wa wasichana walipolalamika mara ya kwanza, alidokeza kwamba huenda mabinti wenyewe wanamwelewa vibaya mwalimu. Mama wa yule msichana aliyeleta ujumbe alipokuja na taarifa nzito zaidi, mkuu aliiona kama porojo za wasichana tu. Baadhi ya mambo aliyachukulia kwa mzaha. Na katika yote hayo hakuandika kitu: hakuna faili, hakuna barua, hakuna hata mstari mmoja kwenye daftari unaosema siku fulani, mtu fulani alikuja na hili.

Kwa maoni yangu, hilo la kutoandika ndilo kiini cha kisa chote. Wengi huliona kama kosa dogo la kiofisi, uzembe wa makaratasi. Sivyo. Bila maandishi, kila taarifa inafika ikiwa ya kwanza. Mkutubi anasimulia la 1985, linasikilizwa, linapeperuka. Mzazi anakuja, naye anaonekana ni mzazi mmoja mwenye wasiwasi. Msichana anakuja na ujumbe, naye anakuwa mtoto mmoja mwenye wivu. Mkuu anaweza kwenda kulala akiamini kwa dhati kwamba hajawahi kuletewa ushahidi, ilhali ameletewa vipande vyote na kila kipande amekitupa kabla ya kufika kinachofuata. Waswahili tunasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mkuu wa shule halazimiki kuamini kila lisemwalo, ila analazimika kuliandika.

Kuhusu yule msichana aliyehamishwa darasa, nadhani mkuu aliona amemsaidia: binti ana tatizo na mwalimu, basi atenganishwe naye. Ofisi nyingi hutatua mambo hivi, kwa kumwondoa anayepiga kelele ili kelele ziishe. Ila wanafunzi wana macho. Shule nzima iliona kwamba ukimpeleka mwalimu ofisini, unayehama ni wewe.

Afisa elimu na Tamasha la Mahindi

Kila wilaya ya shule ya Marekani ina kiongozi wake anayeajiriwa na bodi na kusimamia shule zote za eneo. Nitamwita afisa elimu, maana hicho ndicho cheo cha kwetu kinachomkaribia, ingawa huyu wa kwao ana madaraka makubwa zaidi ya kuajiri na kusimamisha kazi.

Majira ya joto ya 1987 palifanyika Tamasha la Mahindi huko Thrall, mji jirani. Mwalimu alionekana huko na Doe na msichana mwingine, katika hali ambayo watu wazima waliokuwepo hawakuipenda, na habari zikamfikia afisa elimu. Alifanya nini? Alizungumza na wazazi wa yule msichana wa pili, nao wakaridhika kwamba hapakuwa na jambo. Alimwagiza mkuu wa shule azungumze na wanafunzi waliotajwa. Wazazi wa Doe hakuwapigia.

Mwezi Julai wazazi wa Doe wenyewe walikuta picha za mwalimu katika vitu vya binti yao, zikiwa na maneno ya mapenzi nyuma. Walikwenda moja kwa moja kwa afisa elimu. Binti alipoulizwa hakusema ukweli, na hilo halipaswi kumshangaza mtu. Mtoto aliyefundishwa kwa mwaka mzima kutunza siri hatoi siri hiyo siku ya kwanza anapoulizwa. Afisa elimu alikutana na mwalimu na kumwonya kwamba akibainika atapoteza kazi. Mwalimu alitulia kwa muda, kisha muhula mpya ulipoanza akarejea kwa mtoto yule yule.

Oktoba mama alikuta barua. Safari hii familia ilikwenda kwa wakili, na mbele ya wakili binti akasema yote. Afisa elimu alipoarifiwa alimsimamisha mwalimu papo hapo. Mwalimu alijiuzulu, na baadaye akakiri makosa ya jinai mahakamani.

Mstari ulipopita

Familia ilifungua shauri la madai kwa sheria ya shirikisho inayomruhusu mtu kumshtaki ofisa wa umma aliyevunja haki yake ya kikatiba. Majaji wengi walianza na hoja ambayo kwa mtu wa kawaida iko wazi, ingawa kisheria ilihitaji kusemwa: mwanafunzi ana haki ya kikatiba ya mwili wake kutoguswa na mwajiriwa wa serikali. Walitazama nyuma kwenye uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1977 kuhusu viboko shuleni. Ikiwa Katiba inatambua maslahi ya mtoto dhidi ya kuchapwa kupita kiasi, haiwezekani isitambue maslahi yake dhidi ya kunajisiwa na mwalimu.

Kisha likaja swali gumu. Mkuu wa shule hakumgusa mtoto. Kwa kosa gani basi awajibike? Na nchini Marekani ofisa wa umma ana kinga dhidi ya madai ya fidia isipokuwa kama sheria aliyoivunja ilikuwa imeshajulikana wazi wakati ule. Mahakama iliweka kipimo chenye sehemu tatu zinazoshikana. Kwanza, je, kiongozi alifahamu mambo au mwenendo uliokuwa ukielekeza wazi kwamba mtumishi wake anamdhulumu mwanafunzi kingono? Pili, je, aliupuuza kwa makusudi, kwa kutochukua hatua iliyokuwa dhahiri kwamba inahitajika? Tatu, je, kupuuza huko kulichangia mtoto kuumizwa?

Kwa mkuu wa shule, majibu yote yangeweza kuwa ndiyo. Majaji walirudi kwenye mambo matatu mepesi ambayo hakuyafanya: kumwonya mwalimu, kuwaarifu wazazi, kumtoa mtoto darasani. Hakuna hata moja linalohitaji fedha, kibali cha bodi wala ushahidi wa kimahakama. Kinga yake ikakataliwa, maana yake juri, yaani raia wanaoamua kesi, ingeweza kumsikiliza na kumpima. Ni vizuri tuwe sahihi hapa, kwa sababu kisa hiki husimuliwa kana kwamba mkuu alihukumiwa. Hukumu ya 1994 ilihusu kinga tu: je, shauri dhidi yake liendelee au lifutwe. Likaendelea.

Afisa elimu aliachwa. Mahakama haikumsifu. Ilisema hatua zake hazikufaa kitu, lakini alichukua hatua. Alizungumza na wazazi fulani, alimwonya mwalimu, na alipopata ukweli kamili alimsimamisha bila kuchelewa. Kupuuza kwa makusudi ni jambo moja, na kushindwa baada ya kujaribu ni jingine.

Hapa ndipo ninapopata shida na hukumu hii, ingawa naona kwa nini majaji walifika hapo. Afisa elimu alipewa taarifa kuhusu wasichana wawili akawatafuta wazazi wa mmoja. Aliyeachwa ndiye aliyekuwa akiumizwa. Kipimo kinachouliza tu kama kiongozi alifanya kitu kinamfundisha kiongozi mwerevu kufanya kitu kidogo, chenye kumbukumbu, kisichomgharimu. Onyo la mdomo kwa mwalimu anayeshukiwa kunyanyasa watoto ni hatua ya namna hiyo. Linamwambia mtuhumiwa kwamba anatazamwa, linampa nafasi ya kumbana mtoto anyamaze, na linampa aliyeonya kinga. Wapo waliosema majaji walikwenda mbali mno hata kwa mkuu wa shule. Wachache katika jopo lenyewe waliandika kupinga. Mimi naona walisimama mapema.

Jambo jingine linalopita kimya katika hukumu: mkuu wa shule hakumweleza bosi wake habari za ujumbe wa Februari. Afisa elimu alipokuwa akiyapima ya Tamasha la Mahindi, hakuwa na habari kwamba miezi michache nyuma kulikuwa na maandishi ya mapenzi yenye mkono wa mwalimu. Kwa hiyo kimya cha mkuu kilifanya kazi mbili. Kilimwacha mtoto kwa mwalimu, na kilimpa bosi utetezi.

Miaka minne baadaye udhaifu huu ulionekana tena, na hapo hapo Texas ya kati. Lago Vista iko upande wa pili wa Austin. Mwalimu wa sekondari alikuwa na uhusiano na mwanafunzi. Wazazi wa wanafunzi wengine walimlalamikia mkuu wa shule kuhusu maneno yasiyofaa darasani. Mkuu akamwambia mwalimu achunge ulimi, na afisa elimu hakuambiwa. Januari 1993 polisi waliwakuta wawili hao. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1998, kwa kura 5 dhidi ya 4 ilisema kwamba chini ya sheria ya usawa wa jinsia katika elimu, wilaya ya shule hailipi fidia mpaka ofisa mwenye mamlaka ya kurekebisha mambo awe amejua hasa, kisha akapuuza kwa makusudi. Wilaya hiyo haikuwa hata na utaratibu wa kupokea malalamiko uliotangazwa. Ilishinda.

Ukizisoma hukumu hizo mbili pamoja unaona mtego wake. Kama dhamana inaanza pale unapojua, basi kutojua kunakuwa mali. Shule isiyo na dawati la malalamiko, isiyo na daftari, isiyo na fomu, inakaa salama zaidi kisheria kuliko shule inayosikiliza. Texas yenyewe iliziba sehemu ya tundu hilo kwa sheria ya 2017. Mkuu wa shule alipewa siku 7 za kazi kumwarifu afisa elimu kuhusu mwenendo mbaya wa mwalimu, afisa elimu akapewa siku 7 za kazi kuiarifu bodi ya vyeti vya ualimu ya jimbo, na anayekaa kimya kwa nia ya kuficha anatenda jinai.

Nairobi, 2015

Kwetu Afrika Mashariki swali liliulizwa kwa njia nyingine. Oktoba 2010 ilitangazwa nchini Kenya kwamba zaidi ya walimu 1,000 walikuwa wamefutwa kazi katika miaka miwili kwa kuwadhulumu wasichana kingono. Mwaka huo huo Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ilikuwa imetoa waraka namba 3 wa 2010: tuhuma yoyote ya namna hii iripotiwe ndani ya saa 24, na anayeficha naye aadhibiwe. Kwenye karatasi, hakuna kilichokosekana.

Mwaka huo wa 2010, wanafunzi wawili wa shule ya msingi katika Kaunti ya Nakuru walisema wamenajisiwa na naibu mwalimu mkuu wao. Mahakama ya jinai ilimwachia. TSC kwa upande wake ilimfuta kazi. Walezi wa watoto wakaenda Mahakama Kuu ya Nairobi, na Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi akatoa hukumu ambayo kila mkuu wa shule anayesoma Kiswahili angefaa kuifahamu. Alipima ushahidi kwa kiwango cha madai, akaona watoto walidhulumiwa, na akasema si mwalimu peke yake anayelipa: mwajiri wake na serikali wanawajibika pamoja naye. Mtoto mmoja alipewa fidia ya shilingi milioni 2 za Kenya, mwingine milioni 3. TSC ilikata rufaa, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaiacha dhamana hiyo mahali pake.

Tofauti na Taylor ni kubwa. Nairobi, dhamana haikuning'inia kwenye swali la mkuu fulani alijua nini siku gani. Aliyemwajiri mwalimu ndiye aliyempa mamlaka juu ya mtoto; aliyetoa mamlaka abebe na hatari zake. Ukimwekea mwajiri mzigo namna hii, kutojua hakumsaidii tena, na waraka kabatini haumsaidii pia. Inamlazimu aulize kama waraka unasomwa, kama mtoto anajua pa kwenda, kama mkutubi akisema anasikilizwa na nani.

Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziwasilishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Haisemi mwenye uthibitisho. Mkutubi wa Taylor angetosha. Lakini ukikaa kwenye vikao vya shule unajua taarifa hizo huishia wapi: walimu wanasema tumlinde mwenzetu, kamati inaogopa jina la shule, familia mbili zinakutanishwa wakamalizana, funika kombe mwanaharamu apite. Na mwalimu anapata uhamisho.

Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba walimu nao husingiziwa. Ni kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kuandika mapema. Kumtenganisha mtoto na mtuhumiwa wakati uchunguzi ukiendelea hakumtangazi mtu kuwa na hatia, na mwalimu asiye na kosa anasafishwa vizuri zaidi na faili lenye tarehe, majina na maelezo ya pande zote kuliko na minong'ono ya korido isiyojibiwa. Mkuu wa shule hakuajiriwa kuwa hakimu. Anapoanza kudai ushahidi usiotikisika kabla ya kuinua simu, amejipa kazi ya polisi, ya mwendesha mashtaka na ya mahakama, na ameiacha yake.

Katika hukumu ya Nairobi, Jaji Ngugi alisema pia kwamba haitoshi kuwahamisha walimu wa namna hii kutoka shule moja hadi nyingine na mwishowe kuwafuta kazi, kwa kuwa aliyefutwa anaweza kujitokeza mahali pengine penye watoto. Texas imejaribu kulijibu hilo kwa orodha ya watu wasioruhusiwa kuajiriwa shuleni, iliyowekwa kwa sheria ya 2019 na inayohusu hata shule za binafsi. Kenya huchapisha kwenye Gazeti rasmi majina ya walimu waliofutwa kwenye rejista. Mwenye shule binafsi anayetafuta mwalimu wa hesabu katikati ya muhula analazimika kulifungua Gazeti hilo kabla ya kusaini mkataba, na bodi yake inapaswa kumuuliza kwa maandishi kama alilifungua.